Hati ya Uraia ya Sajini Strank: Mwana wa Mchimba Makaa, Bonde la Chuma na Bendera ya Iwo Jima

Tarehe 29 Julai 2008, huko Arlington katika jimbo la Virginia, bibi mmoja mzee alikabidhiwa hati ya uraia wa Marekani yenye jina la kaka yake. Aliyemkabidhi alikuwa kaimu mkuu wa idara ya uraia na uhamiaji, na mahali palipochaguliwa palikuwa mbele ya sanamu kubwa ya shaba, iliyochongwa kwa kufuata picha maarufu ya vita, ya askari sita wanaosimika bendera juu ya mlima Suribachi, katika kisiwa cha Iwo Jima huko Japani. Mwenye hati hakuwepo, kwa kuwa aliuawa katika kisiwa hicho hicho tarehe 1 Machi 1945 akiwa na umri wa miaka 25. Lakini kwa namna nyingine alikuwepo, kwa sababu mmoja wa wale sita wa shaba ni yeye mwenyewe, Sajini Michael Strank.

Jambo hili liliibuka kwa bahati. Askari mmoja wa Kikosi cha Marine, yaani askari wa majini wa Marekani, aliyekuwa akilinda ubalozi wa Marekani nchini Slovakia alifuatilia asili ya Strank, akabaini kwamba shujaa huyo hakuzaliwa Marekani bali katika kijiji cha Jarabina, kaskazini mwa Slovakia ya leo, na kwamba hapakuwa na hati yoyote ya uraia iliyowahi kutolewa kwa jina lake. Akapeleka maombi kwa niaba ya marehemu, na hati ikaandikwa. Ni rahisi kukisimulia kisa hiki kana kwamba taifa lilimkumbuka mgeni aliyelifia na kumpa uraia miaka 63 baada ya kumzika. Nimekiona kikisimuliwa hivyo, na kila mara nimehisi kwamba wanaokisimulia, pamoja na nia yao njema, wanamdhulumu mtu mmoja ambaye hayumo kwenye sanamu. Strank hakuhitaji kupewa uraia mwaka 2008, kwa kuwa alikuwa nao tangu mwaka 1935, na aliupata kupitia kwa baba yake, Vasil Strank, mhamiaji aliyechimba makaa ya mawe ya kampuni ya chuma huko Pennsylvania. Anayemkumbuka mwana akamwacha baba ameikumbuka picha, hajamkumbuka mtu.

Kwa hiyo uchambuzi huu unaanzia kwa baba.

Jarabina ni kijiji cha Warusini, watu wa milima ya Karpati ambao lugha yao iko karibu na Kiukraini, na ambao hawajawahi kuwa na dola yao wenyewe. Hadi mwaka 1918 walikuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria. Milki hiyo ilipovunjika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakajikuta ndani ya nchi mpya iliyoitwa Chekoslovakia bila ya kuhama hata hatua moja. Ardhi yao ilikuwa finyu, nao kwa miongo kadhaa walikuwa wamezoea kuwatuma vijana ng'ambo, hususan kwenye migodi na viwanda vya Pennsylvania. (Wazazi wa msanii Andy Warhol walitoka katika jamii hiyo hiyo, kijiji cha Miková, nao walifikia Pittsburgh.) Mtoto wa Vasil na mkewe Martha alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 akaitwa Mychal. Baba alitangulia Marekani, akafikia Franklin, mji mdogo unaopakana na Johnstown, akaingia mgodini, na akawa anaweka akiba mpaka ilipotosha nauli ya mke na mtoto.

Inafaa kueleza mgodi unahusianaje na chuma, kwa kuwa wasomaji wengi huvifikiria kama vitu viwili tofauti. Chuma hakiyeyushwi katika tanuri kubwa kwa mkaa wa kawaida wala kwa kuni. Makaa ya mawe huokwa kwanza bila hewa mpaka gesi na lami zitoke, kinachobaki kinakuwa kigumu chenye joto kali, na hicho ndicho kinachotiwa tanurini pamoja na mawe ya chuma na chokaa. Ndiyo maana kampuni za chuma hazikungoja kuuziwa makaa sokoni, bali zilimiliki migodi yao wenyewe, na mchimbaji wa mgodi kama huo alikuwa kibarua wa kiwanda cha chuma sawasawa na yule aliyesimama mbele ya tanuri, tofauti ikiwa tu kwamba huyu alifanya kazi katika mwanga wa moto na yule katika giza. Huko Johnstown mwenye mali alikuwa kampuni ya Cambria, iliyoanzishwa mwaka 1852, ambayo karakana zake zilijipanga kandokando ya mto bondeni, Franklin ikiwa miongoni mwa sehemu hizo. Mwaka 1923 mali yote hiyo ilinunuliwa na Bethlehem Steel, na Vasil akawa mtu wa Bethlehem Steel.

Maisha hayo yalikuwaje, historia ya mwaka ule ule aliozaliwa Michael inatosha kueleza. Septemba 1919 wafanyakazi wapatao 350,000 wa viwanda vya chuma vya Marekani waligoma, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki na Kusini, wakidai haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi na kupunguzwa kwa saa za kazi, maana zamu ya saa 12 ilikuwa jambo la kawaida. Johnstown ilikuwa mojawapo ya miji ambayo viwanda vilisimama. Waajiri wakawagawa wafanyakazi kwa makabila na lugha, wakaueneza uvumi kwamba mgomo ni njama ya wageni, na Novemba mwaka huo William Z. Foster, kiongozi wa mgomo, alipofika Johnstown kuhutubia, kikundi cha wenyeji wa mji kikamlazimisha kuondoka. Mgomo ulizimwa rasmi Januari 1920 bila ya kupata chochote. Mslavi wa mgodini au kiwandani aliitwa kwa jina la dharau, "Hunky", na alipewa kazi ambazo mwenyeji alizikataa.

Mama na mtoto waliwasili mwaka 1922, Michael akiwa mdogo wa miaka mitatu hivi. Tarehe hiyo ina uzito ambao mara nyingi haupewi. Sheria ya mwaka 1921 ilikwisha kuweka kiwango cha wahamiaji kwa kila taifa, asilimia 3 ya watu wa asili hiyo waliohesabiwa Marekani mwaka 1910. Sheria ya mwaka 1924 ikabana zaidi, asilimia 2 ya waliohesabiwa mwaka 1890, yaani kabla wimbi kubwa la Ulaya ya Mashariki halijaingia. Chini ya sheria hiyo ya pili Chekoslovakia nzima ilitengewa nafasi 3,073 kwa mwaka. Waliotunga sheria hizo hawakuficha kusudi lao: walitaka watu kama Vasil, Martha na mwana wao wapungue. Akiba ya Vasil ingalichelewa miaka miwili au mitatu, mlango ungalikuwa mwembamba mno kwa mke na mtoto wa mtu ambaye bado hakuwa raia. Nchi iliyokuja kumchonga Strank kwa shaba ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikimtungia sheria ya kumzuia, na mambo hayo mawili yalitengana kwa miaka 30 tu.

Mji waliofikia ulikuwa na ukali wa namna yake hata kwa waliokwisha kuingia. Septemba 1923 meya wa Johnstown, Joseph Cauffiel, aliamuru watu Weusi na Wameksiko ambao hawakuwa wametimiza miaka saba ya kukaa mjini waondoke. Walikuwa wameletwa na mahitaji ya viwanda vya chuma, wakaambiwa wafungashe kwa kosa la wachache. Familia ya Strank haikuguswa na amri hiyo, lakini haiwezekani kwamba familia ya wageni wa mwaka mmoja iliisikia bila ya kujiuliza zamu yao ni lini. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Bonde la Johnstown lilipona kwa wageni, likala na kujenga kwa mikono yao, huku likiwahesabia miaka.

Utoto wa Michael haukuacha kumbukumbu nyingi za maandishi, na sitaujaza kwa kubuni. Nyumbani palizungumzwa lugha ya Jarabina, shuleni Kiingereza, naye alikuwa mkubwa wa watoto, jambo ambalo katika nyumba yoyote ya wahamiaji humfanya mtoto kuwa mkalimani wa wazazi wake kabla hajajua maana ya neno hilo. Mwaka 1935 Vasil alipata uraia wa tajinisi. Wakati huo Michael alikuwa kijana wa sekondari, na kwa sheria ya Marekani ya siku hizo mtoto mdogo aliyezaliwa ng'ambo, akiwa anaishi nchini kihalali, alifuata uraia wa mzazi wake pale mzazi alipoapishwa. Hakutakiwa kula kiapo chake, wala kufika mbele ya hakimu, wala kujaza karatasi. Karatasi ingeweza kuombwa kama ushahidi, lakini haikuwa sharti. Familia haikuiomba, na haishangazi: kwa mchimbaji wa katikati ya mdororo wa uchumi, karatasi isiyoongeza mkate ilikuwa anasa.

Michael alimaliza sekondari mwaka 1937. Juni ya mwaka huo wafanyakazi wa Bethlehem Steel huko Johnstown waliungana na mgomo wa kampuni zilizokataa kukitambua chama, na gavana wa Pennsylvania akatangaza utawala wa kijeshi mjini. Kijana akatoka shuleni akaukuta mji wake una askari barabarani na kampuni haiajiri. Alijiunga na kambi za vijana za serikali ya Rais Roosevelt, zilizopanda miti, kuchimba mitaro na kujenga njia za misitu. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo kama 25 zilipelekwa moja kwa moja kwa familia. Kijana alibaki na tano. Alikaa huko mwaka mmoja na nusu, kisha akawa kibarua wa barabara za jimbo. Oktoba 1939, Ulaya ikiwa imeingia vitani mwezi mmoja kabla, alijiandikisha katika Kikosi cha Marine. Hakuwa ameitwa kwa lazima, kwani sheria ya kuandikisha vijana jeshini ilipitishwa mwaka uliofuata. Alichagua.

Kabla ya Iwo Jima alikuwa tayari askari mkongwe, na hili husahaulika kwa sababu picha moja imemeza miaka yote iliyotangulia. Alikuwa Guantánamo mwaka 1941, kisha Pasifiki: Uvea mwaka 1942, visiwa vya Russell mapema mwaka 1943, na Bougainville kuanzia Novemba mwaka huo, katika kikosi cha wavamizi kilichopigana kwenye misitu ya matope na malaria. Aliporudi California mapema mwaka 1944 alipata likizo ya kwenda nyumbani Franklin, halafu akapangwa katika Kombania E ya Batalioni ya 2, Rejimenti ya 28 ya Marine. Waliokuwa chini yake walikuwa wavulana wa miaka 19 na 20. Yeye, kwa miaka yake 24, ndiye aliyekuwa mzee wao. Walionusurika walimsifu kwa jambo moja hasa, kwamba alijali kuwarudisha hai kuliko alivyojali cheo chake.

Meli ziliwashusha Iwo Jima tarehe 19 Februari 1945. Kisiwa hicho kina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 21, chenye mchanga mweusi wa volkano unaomzamisha mtu mpaka kifundoni, na kilikuwa na walinzi wa Kijapani wapatao 21,000 waliojichimbia ndani ya mahandaki. Mapigano yalichukua siku 36. Wamarekani karibu 7,000 walikufa, na kwa upande wa Japani walionusurika walikuwa wachache sana. Siku ya tano, tarehe 23 Februari, doria ilifika kilele cha Suribachi na kusimika bendera ndogo. Kisha kamanda akataka bendera kubwa zaidi, ionekane kisiwa kizima. Strank na watu wake watatu, Harlon Block, Ira Hayes na Franklin Sousley, walikuwa wametumwa kupandisha waya wa simu hadi juu, nao ndio walioishughulikia bendera ya pili wakisaidiwa na wenzao wawili. Mlingoti waliupata hapo hapo mlimani: bomba la chuma la maji lililoachwa na Wajapani, zito kiasi cha kuhitaji mikono mingi. Mwana wa bonde la chuma, aliyetoka pwani mpaka kileleni na mzigo wa waya, akaliinua bomba hilo. Ilikuwa kazi ya kibarua, na ilifanywa kama kazi ya kibarua, bila sherehe, huku wakitaka wamalize waendelee na mengine.

Joe Rosenthal wa shirika la Associated Press alibonyeza kamera yake wakati bomba liko nusu ya kusimama. Picha ilitokea magazetini Marekani Jumapili ya tarehe 25. Siku nne baadaye, upande wa kaskazini wa kisiwa, Strank alikuwa ameinama na kikundi chake akiwapangia shambulio pale kombora lilipoanguka, likamuua. Mwelekeo wake ulifanya wengi waamini lilitoka kwenye manowari ya Marekani, si kwa adui. Block akachukua uongozi wa kikundi, naye akauawa siku hiyo hiyo. Sousley alifuata tarehe 21 Machi.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi nikimtafuta Strank, na kila mara nastaajabu jinsi alivyofichika. Amesimama upande wa pili wa bomba, nyuma ya mwenzake, na asiyeambiwa aangalie wapi anaweza kuwahesabu askari akaishia watano. Katika picha ya vita inayojulikana kuliko karibu zote, kiongozi wa kikundi ndiye anayeonekana kidogo kabisa. Lakini jina lake lilitulia. Majina ya wengine yalihamishwa mara kwa mara: mwaka 1947 jina la Henry Hansen liliondolewa akawekwa Block, mwaka 2016 Kikosi cha Marine kilikiri kwamba John Bradley hakuwemo, na kwamba Harold Schultz ndiye aliyekuwemo, mwaka 2019 jina la Rene Gagnon likabadilishwa kwa la Harold Keller. Kwa zaidi ya miaka 70 taifa liliwaenzi kwa majina watu ambao hawakuwemo katika picha hiyo, na wawili waliokuwemo kweli waliishi na kufa bila ya kudai. Ninalitaja hili kwa sababu linahusu kisa chetu moja kwa moja. Kumbukumbu rasmi ilikuwa na picha, ilikuwa na mashahidi, ilikuwa na jeshi zima la makarani, na bado ilikosea. Si ajabu, basi, kwamba haikuwa imeuliza sajini aliyefichika nyuma ya bomba alizaliwa wapi.

Turudi kwenye hati. Kuna hali mbili ambazo kwa mbali zinafanana na ambazo hazipasi kuchanganywa. Ya kwanza ni ya mgeni anayekufa akiwa katika sare kabla hajawa raia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1990 inayoruhusu mtu kama huyo kupewa uraia baada ya kufa. Ndivyo alivyofanyiwa José Gutiérrez, Mguatemala wa Kikosi cha Marine aliyeuawa Iraq tarehe 21 Machi 2003, mwanzoni kabisa mwa vita. Huo ni uraia wa heshima, unaotolewa na taifa kwa tendo la marehemu. Ya pili ni ya Strank: raia kamili kwa nguvu ya sheria, ambaye taifa halikuwa limeandika mahali popote kwamba ni raia kupitia kwa baba yake. Hati ya mwaka 2008 haikubadilisha hadhi yake hata kidogo. Ilichofanya ni kukiri, kwa mhuri, tukio la mwaka 1935 ambalo mhusika wake mkuu alikuwa mchimba makaa.

Tofauti hiyo si ya wanasheria tu. Ukisema Strank alipewa uraia kwa sababu alikufa, umesema kwamba mhamiaji anastahili kuwa mwenyeji kwa damu, na kwamba aliyebaki mgodini miaka mingi akilipa kodi, akisomesha watoto na kukohoa vumbi bado ana deni. Ukisema Strank alikuwa raia kwa sababu Vasil alikaa, akafanya kazi, akajifunza, akaapa, umesema jambo lingine kabisa, na ndilo la kweli. Kifo cha mwana kilikuwa hasara ya familia hiyo. Hakikuwa malipo ya kiingilio. Naliona hili kuwa kiini cha kisa kizima, na naona uchungu kwamba hotuba nyingi za sherehe hulipita.

Jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili kwa karibu kuliko inavyoonekana. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2008 wizara ya ulinzi ya Marekani iliidhinisha mpango wa kuandikisha jeshini wageni waliokuwa nchini kihalali bila ukaazi wa kudumu, iwapo walikuwa na utaalamu wa tiba au lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Wapo Wakenya walioingia kwa mlango huo, wakapata uraia kwa njia ya haraka, mpaka uandikishaji uliposimamishwa mwaka 2016, ukiwaacha wengine wakiwa wamesaini mikataba na hawajui hatima yao. Kwa familia hizo swali la nani ana karatasi gani, na kwa njia ya nani, ni swali la mezani wakati wa chakula. Ningependa kila mzazi wa aina hiyo akijue kisa cha Vasil Strank, kwa sababu ya karatasi ambayo haikuombwa, na kwa sababu zaidi ya kazi ambayo haikuandikwa.

Juu ya nani mwenye Strank, Waslovaki humtaja kuwa wao, Wacheki nao humkumbuka kwa kuwa nchi ilikuwa moja, na Warusini husema, kwa haki kubwa zaidi kwa maoni yangu, kwamba lugha aliyonyonyeshwa nayo ni yao. Pennsylvania inamtaja kuwa mtoto wake. Sioni haja ya kuamua ugomvi huo kwa kumkata vipande. Ninachokiona ni kwamba kila mmoja anayemdai humdai mwenye bendera. Sijasikia anayegombea mchimba makaa.

Na mahali pa mchimba makaa sasa pamebaki patupu. Bethlehem Steel ilikitambua chama cha wafanyakazi mwaka 1941, ikastawi kwa vita na miaka iliyofuata, kisha viwanda vyake vya Johnstown vikafungwa mwaka 1992. Kampuni yenyewe iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2001 na haikurudi. Sanamu ya Arlington ilizinduliwa tarehe 10 Novemba 1954, siku ya kuanzishwa kwa Kikosi cha Marine. Ilitokea kwamba siku hiyo Michael Strank angetimiza miaka 35. Mchongaji wake, Felix de Weldon, alikuwa mhamiaji pia, mzaliwa wa Vienna. Wale waliodhaniwa kuwa ndio walionusurika walikaa mbele yake awachonge. Kwa waliokufa ilimbidi atumie picha zao.

Liko jambo moja la mwisho kuhusu familia hiyo ambalo hotuba za mwaka 2008 zingefaa kulitaja. Strank alizikwa kwanza katika makaburi ya Divisheni ya 5 ya Marine, kisiwani Iwo Jima. Baada ya vita serikali ya Marekani iliwaandikia ndugu wa askari waliozikwa ng'ambo, ikiwapa hiari nne: mwili ubaki katika makaburi ya kudumu ya kijeshi huko huko, uletwe Marekani ukazikwe katika makaburi ya kifamilia, uletwe uzikwe katika makaburi ya taifa, au upelekwe katika nchi ya asili ya marehemu au ya ndugu zake. Kwa familia nyingi hiari hiyo ya nne ilikuwa mstari wa kuruka. Kwa wazazi waliotoka Jarabina ilikuwa na jina la kijiji, la kanisa, na la makaburi ya wazee wao, ingawa tangu Februari 1948 Chekoslovakia ilikuwa mikononi mwa serikali ya kikomunisti na njia ya kwenda huko ilikuwa ikifungwa. Mtoto aliyevushwa Atlantiki kwa akiba ya baba yake mwaka 1922 akavushwa Pasifiki akiwa ndani ya jeneza, na tarehe 13 Januari 1949 akazikwa Arlington, katika nchi ambayo baba yake alikuwa ameiapia mwaka 1935.